Uji Uliogeuka Maji

Uji wa mtoto ulipogeuka maji tena sufuriani, uvumilivu ulinishinda. Nilimbeba mtoto mgongoni, nikachukua kibuyu cha unga na kushuka Ipogolo, barazani kwa jumbe. Mume wangu alikuwa amealika watu waje kutulimia shamba, akawaahidi pombe bila kuniuliza mimi ninayefua, kupika na kunyonyesha. Na pombe yenyewe ililala mtungini bila hata povu.

"Mzee Salum wa dukani kaniuzia unga mbovu!" nilifoka. "Uji haushiki, pombe haichachuki. Mimi nimesoma, sidanganywi!"

"Mama, pombe hata siigusi, leo unanishtaki nayo?" akalalamika Mzee Salum, aliyekuwa ameketi pale pale barazani.

Bibi mmoja akaulamba ule unga. "Mtamu. Mwanangu, hiki ni kimea cha pombe, ndicho kinachoyeyusha uji. Kwenye mtungi ulitia nini?"

Nilitia unga wa uji. Vibuyu vyangu vinafanana, nami huchota huku nabembeleza mtoto. Baraza zima likaangua kicheko.

"Tufute mashtaka?" jumbe akauliza.

"Yasifutwe," nikasema. "Badilisha jina la mshtakiwa. Andika mume wangu."