Magazeti ya Kufungia Mandazi

Jumamosi nilikuwa kwa duka moja hapa Kitale, pale wanauza magazeti ya zamani ya Kiingereza kwa kilo, ya kufungia vitu. Wamama wawili majirani wakaingia. Binti zao wote ni manesi, na wote wanajiandaa kwa ule mtihani wa kusoma na kuandika Kiingereza ndio waende kazi Uingereza. Magazeti hayo ndiyo wanasomea.

Wa kwanza, muuza mandazi, akalikumbatia rundo lote. "Nipimie yote."

"Yote, dada? Na msichana wangu atasoma nini, na mtihani ni wiki ijayo?"

"Si mimi niko na biashara, bana? Mandazi nitafunga na nini?" Macho yake yako juu kwa rafu, ati anatafuta kiberiti. Wivu huo hata kipofu angeuona.

Mwenzake hakugombana. Alikaza leso yake kiunoni, akasema, "Sawa, dada. Kutoka leo mandazi nitanunua kwako. Kila moja unifungie na karatasi yake, kubwa, tena isilowe mafuta, msichana apate kusoma."

Nilicheka mpaka mwenye duka akanitazama. Lakini nilimwonea wivu huyo mama. Mimi jibu kama hilo hunijia nikishafika nyumbani, nikivua viatu.