Posho ya Siku ya Pili

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, miaka mingi sasa. Nilipoteuliwa kuwa mjumbe wa baraza la leseni za wauguzi na wakunga, nilidhani nimepewa heshima tu. Kikao changu cha kwanza kilifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Karatu, na kabla hata hatujaanza nikaletewa fomu ya posho nisaini. Nikauliza, "Ya nini?" Wenzangu wakacheka.

"Dada, saini tu. Hata kukaa ni kazi."

Nikasaini. Wodini sijawahi kukaa saa nzima bila kuitwa.

Shauri lilikuwa moja. Mkunga wa zahanati ya mbali, upande wa Wasso, alikuwa amezalisha wanawake kwa miezi kadhaa huku leseni yake imeisha muda. Hakubisha. Alisema kule mkunga ni yeye peke yake, leseni huhuishwa mtandaoni, na mwenye uchungu hasubiri mtandao urudi. Ilipofika saa sita mchana tulikuwa tumekubaliana sote: alipe ada na faini, arudi kazini. Nikafunga daftari langu. Mwenyekiti akatangaza kwamba uamuzi utasomwa kesho, kwa kuwa kikao kilipangiwa siku mbili.

"Si tumemaliza?" niliuliza.

"Tumemaliza kujadili," alinijibu kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa. Sikuelewa tofauti yake, na mpaka leo sijaielewa. Ila nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kunaniudhi kuliko maneno yake.

Jioni nilimkuta yule mkunga, aliyebaki kungoja uamuzi, kwenye korido ya hoteli, amejibanza ukutani, simu sikioni, akimwelekeza mhudumu aliyebaki zahanati. "Usimvute mtoto. Mwambie mama apumue. Mikono umenawa?" Aliponiona alishtuka.

"Shikamoo, mjumbe. Samahani."

"Marahaba," nikasema, kisha nikakwama. Nimkataze, kwa kuwa hana leseni? Nichukue simu nielekeze mimi? Mwishowe nikamshikia mkoba, ili aweze kuziba sikio la pili asikie vizuri. Tulisimama hivyo mpaka mtoto akalia kwenye simu.

Asubuhi uamuzi ulisomwa kwa dakika chache, ni uleule wa jana. Nikaletewa fomu ya siku ya pili. Nikasaini.

Wiki iliyofuata nilikwenda Endulen kumsalimu baba. Ameamua kesi za watu na ng'ombe wao tangu sijazaliwa, na hajawahi kusaini kitu. Nilimsimulia yote. Akauliza jambo moja: "Mbuzi alitoa nani?" Pale kwenye boma letu wazee wakikaa kwenye kesi, mkosaji ndiye hutoa mbuzi wamle.

Nikamwambia hakuna mbuzi, kuna posho, na hutoka kwenye ada tunazolipa wauguzi na wakunga wote.

"Na yeye hulipa?"

"Naye hulipa, baba."

"Basi mbuzi alitoa yeye. Si vibaya, mwanangu. Hata sisi tunamla mbuzi wa mkosaji."

Nikashusha pumzi. Lakini hakuwa amemaliza. "Sasa mlimlaza huko ili atoe na wa pili?"

Nikaikumbuka ile korido. Jioni ile tulikuwa watatu tukihangaika na uzazi ule: mhudumu, mkunga, na mimi niliyeshika mkoba. Aliyelipwa ni mimi.