Televisheni Chini ya Kitanda

Niliondoka Tunduma kwa sababu ya sifuri. Sifuri zenyewe niliziandika mimi, kwa mkono wangu huu, mstari kwa mstari, mwezi mzima. Na ninyi majirani zangu mnaosoma hapa mliandika kama mimi, kwa hiyo msijifanye mnashangaa.

Mnakumbuka watafiti walivyokuja. Walisema serikali imetoa fedha ijulikane televisheni na simu zinawafanya nini watoto wadogo, wanavyokua, wanavyosema, wanavyocheza. Kila nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano ikapewa daftari. Jioni unaandika mtoto amekaa saa ngapi mbele ya televisheni, saa ngapi na simu, basi. Kazi nyepesi hata kwangu niliyeishia darasa la nne. Lakini siku ile ile mwenyekiti wetu wa mtaa, Simbeye, akapita mlango kwa mlango akinong'ona: "Hao ni watu wa ushuru. Utafiti gani unaanza kwa kuuliza kama una televisheni?"

Tukamwamini. Nani kwetu televisheni yake haikuvuka kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, imevikwa khanga kama mgonjwa? Kila walipopiga hodi, yangu niliifunika blanketi na kuisukuma chini ya kitanda. Wakitoka, naiwasha.

Sasa, mjukuu wangu Furaha alikuwa anakaribia miaka minne na hasemi. Maneno matano, sita. Mama yake, Rehema, anafanya biashara Lusaka, kwa hiyo mtoto ni wangu. Watu walitafuta mchawi. Mimi wabaya wangu nawajua kwa majina. Wa kwanza ni Yona, dereva aliyepakia lori lenye breki mbovu na kuliingiza kwenye meza zetu za mchele. Wenzangu wawili walikufa. Mimi nilitoka na mguu uliovunjika sehemu tatu, nikalala chali miezi minane. Wa pili ni shemeji yangu Elia. Alikuja kunipa pole, akamkuta Furaha analia, akampa simu kuukuu. "Mpe hii, shemeji, atulie." Akatulia. Alitulia miaka miwili.

Mwisho wa mwezi, yule binti wa utafiti, anaitwa Upendo, alimpima Furaha kwa vijiti na picha, akafungua daftari langu, akakunja uso. Akaniambia kwa upole: kama mtoto haangalii chochote na bado hasemi hivi, basi shida iko masikioni au kichwani. Akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Mbeya. Wakithibitisha, alisema, ipo shule ya bweni inayopokea watoto wa namna hiyo.

Bweni! Mtoto anayelala ameshika sikio langu. Nilikaa na barua ile siku tatu. Siku ya nne nikasema liwalo na liwe, nakwenda ofisini kwao Vwawa nikaseme ukweli, ushuru waje wachukue.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa barabarani na Furaha mgongoni, japo ni mkubwa na mguu unagoma. Magari madogo yalikuwa yamegoma siku hiyo, wanajuana wenyewe na trafiki. Yaliyokuwepo ni malori tu, foleni isiyo na mwisho. Mnajua mimi na malori. Dereva mmoja Mzambia, Chanda, akachungulia dirishani.

"Bamayo, mama yangu, mwaenda wapi na mzigo huo?"

"Vwawa. Lakini lori sipandi."

"Kwa nini? Lori langu linanuka?"

"Breki zako zinashika?"

Hakucheka. Alishuka, akaniambia nisimame karibu na gurudumu nisikilize upepo unavyotoka, akapanda tena, akakanyaga breki. Pshhh. Akarudia mara tatu, mpaka wa nyuma yake wakampigia honi na kumtukana kwa Kibemba na Kiswahili. Nikapanda. Mpaka tunapita kituo cha Mpemba nilikuwa nimefumba macho nikiita majina yote ya Mungu ninayoyajua. Furaha yeye alikodoa macho kwenye taa za dashibodi. Chanda alitaka kumpa simu yake achezee. Nikasema, "Weka hiyo!" kwa sauti iliyonishtua hata mimi mwenyewe. Akamwimbia badala yake.

Vwawa tulifika saa tatu. Ofisini kwao nikakuta mlinzi anakula muhogo. Watafiti wameondoka, wako kijiji cha Ihanda, na Ijumaa wanafunga madaftari na kurudi makao makuu. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikatoka kutafuta bodaboda. Kijana wa bodaboda akauliza, "Mama, huo mguu utaweza?" Nikamwambia mguu haujawahi kuulizwa.

Ihanda tuliingia kabla ya saa sita. Kule hewa ni baridi, kahawa imejaa pande zote, na kila ua una kichanja cha kuanikia. Watafiti walikuwa wamefikia kwa Mama Nzunda, mama mmoja mnene, Mnyiha, mwenye sauti ya kanisani. Alinipokea Furaha mgongoni kabla hajaniuliza jina.

"Karibu, mama. Umetoka mbali?"

"Tunduma. Nimekuja kukiri."

"Hee! Mchungaji hayupo, lakini uji upo. Kaa kwanza."

Upendo akatoka ndani na kalamu sikioni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningelia. Nikamwambia habari ya blanketi, ya kitanda, ya simu ya Elia, ya asubuhi hadi jioni. Nikamaliza: "Televisheni haikulipiwa ushuru. Kama ni kunishika, nishike, lakini barua ya mtoto uichukue."

Alinitazama, akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Mama Rehema, sisi tunahusu watoto, ushuru hatuujui. Halafu mtaa wenu mzima umeandika sifuri! Tunapita tunaona madishi kwenye mabati kama uyoga, ndani tunaambiwa hakuna televisheni. Mlidhani madishi tunayaona ni ya kuanikia dagaa?"

Mama Nzunda alicheka mpaka akashika nguzo. Nilitamani ardhi inimeze, lakini pia, sijui niseme vipi, kifua kililegea.

Upendo akawa hacheki tena. Alisema walishaamua kuuweka mtaa wetu kando, kwa sababu daftari la uongo linaharibu na la jirani. Fedha ya umma imetumika kwetu bure. Hilo liliniuma, na linatuhusu sote. Kisha akasimama nyuma ya Furaha, akagonga kijiko kwenye sufuria taratibu. Mtoto akageuka. Akanong'ona, "Furaha, mpelekee bibi kikombe." Akanipelekea.

"Anasikia. Anaelewa," alisema. "Sasa niambie, ulipokuwa umelala, nani alikuwa anaongea naye?"

"Televisheni."

"Televisheni inaongea. Nauliza, nani alikuwa anamjibu?"

Nilikuwa nimelala uso nimeugeuzia ukutani, wenzangu. Nilikuwa namlaani Yona. Mtoto alikuwa akija, ananivuta shuka, "bi, bi", na mimi nasema kaa na simu yako. Kisha akaacha kuja.

Upendo hakunigombeza. Alisema haahidi kitu, utafiti wenyewe haujaisha na watoto hawafanani. Lakini kwa alichosikia leo, bweni halina haja ya kufikiriwa sasa. Akaniomba ile barua, akaandika nyingine: masikio yapimwe hapo hapo Vwawa kwa uhakika, na mtoto aangaliwe tena baada ya miezi mitatu, akiwa nyumbani. Nyumbani. Nilimwomba anisomee neno hilo mara mbili.

Mama Nzunda alikataa nisafiri siku hiyo na mguu ule. Kesho yake asubuhi niliamka nikakuta mkeka mtupu. Furaha alikuwa nje kwenye kichanja na wajukuu wa mwenye nyumba, wanachagua kahawa. Pale kazi ni ya mdomo kama ilivyo ya mikono. Mmoja anainua punje, anauliza, wenzake lazima wajibu, na asiyejibu anatoka kichanjani. Hakuna anayeruhusiwa kunyamaza. Msichana mmoja akainua punje nyeusi mbele ya Furaha.

"Hii?"

Furaha akaikodolea macho ile punje.

"Wewe wa Tunduma! Hii?"

"Mbovu," akasema Furaha.

Wakaendelea, hakuna aliyeona ajabu. Mama Nzunda peke yake aliniona nimeshika mdomo, akaniletea chai, akasema, "Kunywa, usimtishe."

Tulirudi mchana wa Ijumaa kwa gari dogo, baada ya kupita Vwawa wakampima masikio. Mazima. Karibu na Tunduma tukasimama, foleni ya malori imefunga njia kama kawaida, tukashukia kituo cha karibu. Simbeye alikuwa pale pale kituoni, akanivuta pembeni: "Wanakuja lini kuzichukua televisheni?" Nikamwambia nenda zako na uoga wako, karibu umpeleke mjukuu wangu bweni. Nilitaka kuongeza la Elia na la Yona, nilikuwa nayo mengi, mdomo umejaa.

Furaha akanivuta khanga. Alikuwa ananyooshea kidole lori moja jekundu.

"Bi. Lile enda wapi?"

Akangoja. Amenitazama usoni, mdomo wazi kidogo, anangoja. Nami malori sikuwa nimeyaongelea tangu siku ile ya ajali, isipokuwa kwa laana. Nimejifunza hili na sina kubwa zaidi: katika orodha yangu ya wabaya kulikuwa na jina moja nililiruka, nalo ni langu, na ndilo jina pekee ninaloweza kulirekebisha.

Nikamwacha Simbeye anaongea peke yake. Nikachuchumaa, mguu ukalia, nikamjibu mjukuu wangu: "Lile linakwenda mbali, mama. Limebeba shaba. Na lile la bluu, unadhani limebeba nini?"