Mgeni Wao na Mgeni Wetu

Chama chetu cha watu wa Bukavu kilikuwa na kazi moja iliyoheshimiwa na kila mtu: matanga. Ukifiwa nyumbani nawe huna karatasi za kuvuka mpaka, wanachama walijaa chumbani mwako hapa ugenini, mtaani Bellevue, na kuimba nyimbo za parokia za kwetu, sauti zote nne, kama vile jeneza lipo.

Jirani yangu, msusi wa Joubert Park, alishikilia chama kwa sababu hiyo. Mama yake alikuwa mgonjwa Bukavu, na alijua hatamzika.

Mwaka 2018, uchaguzi wa Kongo ulipokaribia, bwana mmoja wa upande wa serikali alikuja kutoka Kinshasa na marobota ya vitenge vyenye sura ya mkubwa wake. Alitaka chama kichague uongozi anaoupenda yeye. Msusi alipokea kitenge, akashonesha sketi.

Jumapili rais wa chama, mlinzi wa ofisi moja ya Marshalltown, alisimama mkutanoni kwa hasira.

"Mkono wa nje umeingia nyumbani mwetu! Leo kitenge, kesho watatuchagulia hata padri!"

Msusi aligeuka, akaonyesha makalio. "Prezida, angalia ile sura iko wapi. Ninamukalia kila siku. Munataka nini tena?"

Ukumbi ulicheka. Kisha ukanyoosha mikono, ukamfukuza msusi chamani.

Sikumpenda yule bwana wa Kinshasa. Niliona adhabu ni kali, ila nilijiambia kwamba sheria ni sheria.

Baada ya wiki chache akaja mgeni mwingine, wa upinzani, kutoka Brussels. Alileta fulana na kofia. Akakaa kwenye kiti cha rais na kututajia nani anafaa kuwa katibu wetu. Mikono ileile ilimpigia makofi.

Nikasimama. "Prezida, huyu naye si mkono wa nje?"

"Ndugu, usichanganye mambo. Ule alikuja kutununua. Huyu alikuja kutusaidia."

"Na fulana?"

"Fulana ni ya kuvaa!"

"Mumuangalie," mtu akapaza sauti nyuma, "labda amevaa sketi ya jirani yake!"

Walicheka tena, wakamchagua katibu waliyetajiwa. Ndipo nilipoelewa kwamba hatukuwahi kuwa na sheria. Tulikuwa na upande tu.

Mama wa msusi alifariki kabla ya Krismasi. Jioni wanachama wawili walisimama mlangoni mwake, kofia mkononi.

"Pole sana, mama. Prezida anasema, ukikubali kuomba radhi mbele ya mkutano, wote watakuja kuimba leo."

"Mama yangu hakupokea kitenge ya mutu," alisema. "Mumuimbie yeye."

Walitazamana. "Tutamuuliza prezida," mmoja akasema. Hawakurudi.

Tulibaki wachache. Mama mmoja wa Kiislamu kutoka Tanga, mpangaji wa chumba cha mbele, hakuzijua nyimbo zetu. Alipika chai, akaketi karibu na mfiwa, akamshika mkono. Mimi nilijaribu besi peke yangu. Ubeti wa pili ukanishinda. Msusi aliendelea na sauti ya kwanza, nyembamba, akiacha nafasi kila mahali ambapo wengine wangepaswa kuitikia.