Siku Adolphine Alipoziba Kijito

Adolphine, mke wa Placide na mama wa Henri, alizaliwa Fizi kule milimani, na kazi ya mumewe ndiyo iliyomshusha Baraka, mji wa kando ya ziwa, mwaka wa hamsini na tano. Miezi ya kwanza aliongea na kuku wake kuliko watu, kwa haya aliyokuwa nayo. Mwishowe akapata marafiki wawili, majirani: Zainabu, mnene, wa ulimi mwepesi, na Mwanahamisi, anayecheka kabla hajaambiwa jambo. Hao ni Waislamu, watu wa ziwa kwa baba na kwa mama.

Kiangazi kilipokolea, akawaalika kwenye kijito kimoja cha njia ya Lubondja, wakae penye ubaridi, wale, jioni warudi. Aliomba wiki nzima siku hiyo isiharibike, maana alijua mwaliko wa kwanza ukienda vibaya, hakuna atakayeitikia wa pili.

Walitoka alfajiri. Kila mlima Zainabu aliuliza kama watu wa Fizi huzaliwa na magoti ya mbuzi. Walipofika, wakanawa, wakakaa kivulini, naye Adolphine akafungua majani ya ndizi: kuku mzima, anang'aa mawese, na bugali kando.

Zainabu aliuliza polepole, "Mama Henri, hii kuku alichinja nani?"

"Ni mi mwenyewe."

Akajisikia alivyosema. Nusu mwaka mzima amewaona wakimwita mzee Assumani, Mwislamu mwenzao, kuchinja kila kuku wao, na bado furaha ilimfuta kichwa! Mwanahamisi akasema si neno, watakula bugali mtupu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akakaza kikwembe chake kiunoni, akaingia majini: samaki hahitaji mchinjaji. Kwao wanawake huvua hivi wakati wa kiangazi: huziba mkono mmoja wa kijito kwa mawe na udongo, kisha huchota maji yote mpaka samaki wabaki kwenye matope. Ila ni kazi ya watu wanane. Wageni walipoinuka, akawakalisha. Kwao mgeni hashiki kazi. Basi akapanga mawe na udongo peke yake, akachota na bakuli, maji yakapenya, akachota tena. Alichopata kwanza ni kaa. Zainabu akatikisa kichwa: hata huyo kwao hapana. Mwanahamisi alicheka mpaka akalala chini.

"We mama," Zainabu akasema, "sisi tulizaliwa ndani ya maji. Utatukalisha hapa kama mabibi arusi mpaka jua lizame?"

Adolphine akasimama, matope magotini. Mawe yale yote hayakuwa mazito kama neno alilotakiwa kulitoa.

"Basi mukuje," akasema. "Munisaidie."

Wakaja, tena mbio. Zainabu akaona tundu linalovujisha ukuta, akalikalia, na makalio yake yakafanya kazi ambayo mawe yalishindwa. Kutoka hapo alipokaa akawaamuru wenzake kama mwenye mtumbwi. Maji yakaisha, kambale wakaanza kurukaruka. Wakawachoma kwa chumvi na pilipili, wakala hadi vichwa.

Njia ya kurudi, Zainabu, amelowa chepechepe, alikuwa akiwahesabu wanawake wa kuja nao wiki ijayo kuziba ule mkono mwingine. Mama Henri, alisema, ndiye atakayempanga kila mtu mahali pake. Alipofika jina la nne, Adolphine akamkata: huyo asije kabisa, mvivu huyo, hata maji ya kunywa huchotewa. Wakabishana hivyo mpaka Baraka.