Ruhusa ya Msiba, Kabla ya Msiba

Saa mbili asubuhi, baridi ya Minneapolis, Marekani, inakata masikio. Elihuruma Mmasi ameshafika kazini kutoka Brooklyn Park na anakoroga sufuria ya supu ya mchele wa mwitu. Wazee wa Kiojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hii, wataanza kuingia muda si mrefu.

Kituo hiki cha kutunza wazee mchana kinaendeshwa na Waojibwe wenyewe. Mshahara si wa kujivunia: dola nane kwa saa, pungufu ya alikotoka, nyumba moja ya wagonjwa kule Burnsville.

"Wenzangu walinicheka," anasema mama huyu wa Machame, Kilimanjaro. "Eli, unaacha mbachao kwa msala upitao?"

Kilichomtoa Burnsville ni msiba. Shangazi yake Keziah alipofariki mwaka 1993, meneja alimuuliza kama ni mama mzazi. Aliposema siye, alirudishwa kwenye shifti. Siku ya mazishi alikuwa anapiga deki. Uchungu ule haujamtoka hadi leo, miaka minne baadaye.

Kwa Waojibwe swali ni lingine. "Hatuulizi nani amekuzaa," anasema mkurugenzi, Delores Bellanger. "Tunauliza nani amekulea." Unayemwita mama ni mama, na akifa, wenzako wanakushikia zamu uende ukazike.

Mwezi uliopita zikaja habari kwamba mama yake mkubwa, Philister, aliyemlea tangu mchanga, hainuki kitandani. Elihuruma akajua: akingoja ruhusa ya msiba, atalikuta kaburi.

Kituoni mambo huamuliwa kwenye duara. Jiwe hupita mkono kwa mkono, na mwenye jiwe ndiye msemaji. Tangu aajiriwe, Elihuruma alilipokea na kulipitisha kimya, kwa adabu ya kwao: mgeni hapayuki mbele ya wakubwa. Siku ile alilishika.

"Niliwaambia, mtanipa ruhusa nikamzike. Basi nipeni sasa, nikale naye."

Kwenye duara hakuna anayeharakishwa. Hatimaye mzee Cyrus, dereva wa kituo, akalipokea jiwe na kufuta macho. "Mama yangu nililikuta jeneza tu," akasema. "Zamu zake nitazishika mimi."

Sasa ruhusa ya kabla ya msiba ni kanuni kwa kila mfanyakazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Anaondoka Jumamosi. Anapanga kumwogesha mama, kumpikia mtori wa ndizi na nyama, na kukaa naye tu. Jana alipiga simu Machame.

"Alishtuka! 'Unakuja? Kwani nani amekufa?'" Elihuruma anacheka huku machozi yakimtoka. "Nikamwambia, hakuna aliyekufa, mama. Ndiyo maana nakuja."