Mikono ya Mtafiti wa Mijusi

Mtafiti wa mijusi ana vidole virefu vyenye makovu ya miiba na mawe, navyo hutulia tuli hata mjusi anapoving'ata. Huongea chini chini, kama mtu aliyetoka kumlaza mtoto. Kila asubuhi hugonga kwanza sanduku la kioo, akangoja, kwa kuwa humo yumo jike mmoja wa kijivu, na wenzake hawajaonekana tena tangu msitu wao wa mlimani uungue. Karani wa ofisi ya jirani, ambaye hata mjusi wa ukutani humpandisha juu ya kiti, humwekea chai mlangoni na kujiondokea.

Jana hakupata nafasi ya kuondoka. Upepo ulibamiza mlango nyuma yake, jike aliyekuwa akipimwa uzito akachoropoka kwenye mizani, na mtafiti akabaki na mkia unaorukaruka kiganjani. "Usiinue mguu, dada! Utamkanyaga!" Karani akaganda. Kitu cha baridi kikampanda mguuni, kikashika sketi, kikatulia juu ya goti. Alitaka kupiga yowe, lakini akamwona mtafiti amepiga magoti mbele yake. Ile mikono ilikuwa inatetemeka kama ya mgonjwa wa homa.

"Siwezi," mtafiti alinong'ona. "Nitamponda. Mshike wewe."

Karani akauma meno, akainama, akamfunika kwa viganja.

"Yu hai?" mtafiti akauliza, uso kaugeuzia ukutani.

Karani alisikia kimoyo kikienda mbio chini ya vidole vyake, sawa na chake mwenyewe.

"Yu hai, kaka. Lete sanduku, haraka."